Versailles la Baba Karim

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Kantini ya gereji ya mabasi, kwenye simu, hata msibani mtu alininong'oneza katikati ya dua, "Rukia, kwani huko Uskoti ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, na kila nikisimulia kinachoongezeka ni uongo. Basi nimekaa niandike mara moja, kwa mpangilio wa njia. Habari za bima na makaratasi naziruka. Zilikuwepo, zilichosha, zimekwisha.

Stratford mpaka Stanmore

Mie naishi Stratford, Mama Karim anaishi Stanmore. Kwenye ramani ya treni tuko mstari mmoja, yeye mwanzo na mie mwisho, au kinyume chake, inategemea nani anasimulia. Tulijuana humo humo ndani ya treni. Nilikuwa namfokea mwanangu kwenye simu kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kizungu kama kawaida ya watoto wa hapa, na bibi mmoja wa Kihindi akanigusa bega.

"Mwache mtoto," akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu cha Mombasa. "Wewe ndiye uliyekosea."

Nilikuwa nimekosea kweli. Tangu siku ile sijaachana naye.

Mumewe, Baba Karim, alikuwa na duka la spea Tanga kabla hawajahamia huku. Alifariki miaka miwili iliyopita akaacha nyumba, mjane, na gari moja la Kimarekani liitwalo Lincoln Versailles, alilolinunua zamani kwa askari wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao. Sasa nyumba imeuzwa. Mama Karim anahamia Leicester kwa bintiye, na huko nafasi ya kuegesha ni moja tu, nayo ni ya mkwe. Karim, mtoto wake wa kiume aliyeko Kanada, alishauri kwa simu kwamba liitwe lori la vyuma chakavu. Mama yake alimkatia simu.

Akapatikana mnunuzi mmoja kaskazini ya Uskoti, mbele ya Inverness, aliyesema ameitafuta Versailles miaka mingi. Alikuwa tayari kutuma lori kuja kulichukua.

"Hapana," akasema Mama Karim. "Nitalipeleka mwenyewe. Nataka nimwone huyo mtu usoni."

"Nani ataendesha?"

Akanitazama. "Wewe si unaendesha basi la ghorofa? Hili dogo litakushinda?"

Hilo "dogo" lina urefu wa zaidi ya mita tano. Wamarekani waliliweka katika kundi la magari madogo, nami naamini hawakuwa wanatania. Lilipofunguliwa mlango wa gereji asubuhi ile ya Juni, lilikaa mle kama kabati lililoingizwa chumbani kabla ya ukuta kujengwa. Rangi ya maziwa, paa lililovikwa ngozi bandia, grili ya mbele ya chuma king'aacho kama meno ya dhahabu, viti vya ngozi vya kuzama. Nyuma, juu ya buti, kuna nundu ya duara, umbo la tairi la akiba. Usidhani kuna tairi chini yake. Tairi liko kwengine ndani ya buti, limelala kama tairi lolote. Nundu ni ya fahari tu.

Usukani uko kushoto.

"Kuna masharti," akasema Mama Karim akijifunga mkanda upande wa kulia. "Mlango haupigwi. Miguu haipandi juu. Na humu ndani hapaliwi. Baba Karim hakuruhusu hata peremende."

Miguuni mwake alikuwa na kikapu chenye kababu, kachori, mayai ya kuchemsha, chapati ishirini na chupa mbili za chai.

Stanmore mpaka polisi

Injini ni ya silinda nane, na inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka ukame. Lakini ikishika mwendo haisikiki. Tuliingia M1 tukielea. Dakika kumi hazikupita Mama Karim akalala.

Sasa naomba mpige picha. Yeye yuko kulia, ambako katika nchi hii ndiko anakokaa dereva. Anayetupita, anatupita upande wake. Anaona nini? Bibi wa miaka sabini na minane, miwani imeteleza puani, shavu kwenye kioo, mdomo wazi, mikono miwili juu ya mkoba, gari linakwenda maili sitini kwa saa.

Wa kwanza kupiga honi nilidhani amelipenda gari. Nikampungia. Wa pili pia. Mwanamke mmoja alishika mdomo kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, kumbe Waingereza bado wanaheshimu vitu vya kale. Mzee mmoja alijichora msalaba. Hapo nilishangaa kidogo, lakini nikampungia naye.

Kisha taa za buluu nyuma yangu. Nikaingia kituo cha mapumziko kilichokuwa karibu, nikasimama. Polisi, kijana mwembamba, alikuja moja kwa moja dirisha la kulia. Mama Karim akaamka, akateremsha kioo kwa kitufe.

"Habari ya asubuhi, mama. Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Sijui, mwanangu."

"Watu wanne wamepiga simu. Wanasema ulikuwa umelala."

"Ni kweli," akasema Mama Karim. "Tangu Luton."

Kijana wa watu akashika ukingo wa mlango. "Umelala tangu Luton?"

"Niliamka kidogo Milton Keynes. Nikaona hakuna la kuona, nikalala tena."

"Na gari lilikuwa linaendeshwa na nani?"

"Na huyu." Akanionyesha kwa kidole gumba.

Nikainua mikono kutoka kwenye usukani aione. Alitazama mikono, akatazama usukani, akamtazama Mama Karim, uso ukageuka rangi ya nyanya. Aliomba radhi mara tatu. Kwa kujikosha akauliza ni gari gani.

"Hili," akasema Mama Karim, akikaa sawa, "ni ndugu wa magari wanayopanda marais wa Marekani. Jepesi kuendesha kama unyoya. Hakuna jingine Stanmore nzima."

Maneno ya Baba Karim, neno kwa neno. Nilishayasikia mara nyingi, na sauti yake huwa inashuka kidogo akiyasema, kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake.

Tulikunywa chai pale pale, tumesimama nje, chupa imewekwa juu ya nundu ya tairi, mvua inatunyeshea kwenye vikombe. Nilisema labda leo tungeweza kukaa ndani. Alinitazama kama nimependekeza tukaange samaki kwenye kiti cha nyuma.

M6, na mzee wa kituo cha mafuta

Tulisimama M6 zaidi ya saa mbili. Mbele kulikuwa na ajali ya lori la bidhaa. Hakuna aliyeumia, lakini barabara ilijaa kuku wa kugandishwa, na kuokota kuku mmoja mmoja ni kazi. Tulipotoka hapo sindano ya mafuta ilikuwa imelala. Tukaingia kituo kimoja karibu na Lancaster.

Nilipokuwa najaza, alikuja mzee mmoja mwenye mbwa. Hakunisalimu. Alilizunguka gari taratibu, akainama, akasema, "Versailles. Sikudhani nitaiona tena nikiwa hai."

Alikuwa fundi aliyestaafu, ujana wake aliutumia kwenye magari ya Kimarekani. Mama Karim akateremsha kioo kusikia sifa. Nyinyi mnajua jinsi uso wa mtu unavyojiandaa kupokea sifa.

"Mnajua hadithi yake?" akauliza mzee. "Wapinzani wa kampuni ya Lincoln walikuwa wametoa gari dogo la kifahari, likauzwa vizuri. Watu walishaanza kupenda magari ya Kijerumani, mafuta yalikuwa ghali. Hawa wakashikwa na haraka. Hawakuwa na muda wa kuunda gari jipya, basi wakachukua Ford Granada, gari la watu wa kawaida. Si ile Granada yetu ya huku, ile yao ya Marekani. Wakaivika paa, grili, viti vya ngozi, wakaibandika nundu nyuma. Bei ikawa zaidi ya maradufu." Akacheka kwa upole. "Ni Granada iliyovaa suti ya harusi, mama."

Mama Karim hakucheka. Kizungu anakijua vizuri kuliko mimi na mzee tukijumlishwa.

Mzee naye si mtu mbaya, aliona. Akajaribu kurekebisha. Alisema gari lilikaguliwa kiwandani kwa uangalifu kuliko mengi ya wakati ule, lina breki za diski magurudumu yote manne, na lilikuwa la kwanza la Kimarekani kutoka kiwandani na lile tabaka la juu la rangi linalong'aa kama kioo. Lilidumu miaka michache tu, likaachwa. Alianza kunieleza kwa hamu habari za ekseli ya nyuma, kile chuma kinachobeba magurudumu, lakini Mama Karim alikwishajinyoosha mpaka kwenye usukani na kupiga honi.

Maili arobaini alikuwa anaufungua na kuufunga mkoba wake. Mie nilijifanya nasoma vibao vya barabarani. Katika nyumba za Stanmore miaka ile, Granada lilikuwa gari la teksi. Nilijua anachowaza.

"Alijua," akasema ghafla.

"Nani?"

"Baba Karim. Alijua." Alikuwa ametazama mbele. "Kulikuwa na maboksi gerejini. Breki, pampu, vifaa vya milango. Yote yameandikwa Granada. Nikimwuliza ananiambia, ni ya rafiki yangu wa teksi. Rafiki gani? Miaka yote ile simjui hata jina. Rukia, mwanamume yule aliuza spea tangu ana miaka kumi na sita. Ungemfumba macho ukampa bolti, angekwambia imetoka gari gani. Angedanganywaje?"

Nikalipita lori la mbele.

"Kila Ijumaa tukitoka kusali, wanaume wanalizunguka. Naye anawaambia, ndugu wa magari ya marais. Na nyumbani anaficha maboksi." Mabega yalianza kutikisika. Nikadhani analia, nikatafuta pa kusimama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akainama, akafungua kikapu, akatoa bakuli la kababu.

"Mama Karim, humu ndani?"

"Kama ni Granada," akasema, "tutakula ndani."

Carlisle

Tulilala nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyeamini kwamba mie ni mhudumu na Mama Karim ni mgonjwa wangu. Alisema nami tu. "Anakunywa chai na sukari?" akaniuliza, huku Mama Karim amesimama baina yetu.

"Mwambie," Mama Karim akanijibu kwa Kiswahili, "anakunywa na vijiko viwili, na masikio anayo."

Nilimwambia vijiko viwili.

Kaskazini, njia ikizidi kuwa nyembamba

Siku ya pili Mama Karim hakulala. Baada ya Perth milima ilifunguka, na alikula mayai yake akitupa maganda ndani ya kisahani cha majivu cha Baba Karim bila wasiwasi. Alinihadithia jinsi alivyokuwa akingoja nje ya gereji huku mumewe akilipangusa gari kwa kitambaa cha pamba, kisha kitambaa cha hariri. Mie nilimhadithia talaka yangu. Gari lile linatoa siri. Nadhani ni vile viti.

Tulipopita Inverness barabara ikagawanyika, ikagawanyika tena, mpaka ikabaki njia ya gari moja yenye vijisehemu vya kupishania. Versailles liliijaza kutoka jani hadi jani. Kondoo walikataa kutoka. Lori la maziwa lilikuja mbele nikarudi nyuma karibu nusu maili, shingo imepinda, Mama Karim anaelekeza, "Kulia, kulia, hapana, kulia yangu!"

Mnunuzi alikuwa anatungoja kwenye lango la shamba lake. Ewan jina lake, mtu wa miaka hamsini hivi, shati jeupe limepigwa pasi. Alitusalimu kwa haraka, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akalala kifudifudi juu ya kokoto, akaingiza kichwa chini.

"Anasujudu?" Mama Karim akaniuliza.

Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. "Ni yenyewe," akasema. "Haijaguswa."

Mama Karim alinibana mkono kwa furaha. Ewan akatukaribisha bandani, tuone litakapokaa. Mle ndani, juu ya vyuma, kulikuwa na gari jekundu la milango miwili, la Kimarekani pia, la zamani zaidi, zuri ajabu. Mbele limekamilika. Nyuma halina magurudumu wala chuma cha kuyashika. Nafasi tupu. Juu ilining'inia minyororo, na sakafuni pembeni kulikuwa na msumeno wa umeme.

Hapo nikakumbuka ile simu ya mauziano.

Mie ndiye niliyezungumza na Ewan, kwa sababu Mama Karim hasikii vizuri kwenye simu. Lafudhi ya Ewan ni nzito. Nilikamata neno moja katika matatu. Kwa Kizungu gari huitwa kama mwanamke. Na Ewan aliniambia, kwa sauti ya mapenzi kabisa, "Nitakuwa mkweli kwako. Ninachokitaka hasa ni nyuma yake." Mie, mtoto wa Mombasa, nimelelewa kwa adabu. Nilidhani mzungu ameteleza kwenye matusi. Sikutaka kumfedhehesha. Nikacheka kidogo, nikamwambia, "Kila mtu na anachopenda," na kwa Mama Karim sikutafsiri.

Sasa Ewan alikuwa akieleza polepole. Ekseli ya nyuma ya Versailles ni ya nguvu, ina breki za diski, na upana wake unaingia kwenye magari ya michezo ya zamani kama lile jekundu bila kukatwa. Wenye kujenga magari ya namna hiyo waliziwinda Versailles kwa sababu hiyo, wakazitoa chuma hicho, mabaki yakatupwa. Ndiyo maana hazionekani tena.

"Na mabaki ya hili?" Mama Karim akauliza.

Ewan alinitazama mie. "Si nilikwambia?"

"Aliniambia," nikasema kwa Kiswahili. "Sikuelewa. Nilidhani anatukana." Nikamweleza yote, nimetazama viatu vyangu.

Nilingoja anifokee. Badala yake akamwuliza Ewan moja moja: injini itakwenda wapi, viti je, milango je. Ewan alijibu kila swali, masikio yakizidi kuwa mekundu. Injini ina mtu Aberdeen. Viti labda. Bodi, chakavu. Akasema Mama Karim akipenda alirudishe London, na mafuta atalipa yeye Ewan, hakuna lawama.

"Nitakujibu asubuhi," akasema Mama Karim. "Sasa hivi nina njaa."

Mama yake Ewan alitupa chumba cha kulala, na supu ya samaki wa moshi na viazi ndani ya maziwa. Mama Karim alitoa pilipili ya unga mkobani, akajitilia, akamtilia na mwenyeji. Walielewana.

Asubuhi

Sikulala sawasawa. Alfajiri nilimkuta ameketi kitandani amevaa tayari.

"Mama Karim, nitalirudisha. Siku mbili, tatu, si kitu. Kosa ni langu."

"Likae wapi? Kwako Stratford, ghorofani?"

"Tutapata mtu mwengine. Mtu atakayelitunza."

"Rukia mwanangu, Baba Karim aliishi kwa kuvunja magari. Kila lori lililokufa baina ya Tanga na Moshi lilipita mikononi mwake. Unadhani aliyalilia? Aliyapima kwa kitu kimoja: lina nini kizima kinachomfaa mwenziwe." Alijifunga mtandio. "Mie nilikuja kumwona mtu. Nimemwona. Amelala chini kwenye kokoto na shati safi. Karim wangu hajawahi kulitazama gari lile hata mara moja."

Nje, Ewan alikuwa amesimama mikono mifukoni kama mtu anayengoja hukumu. Aliposikia Mama Karim amekubali kumwachia gari, alishusha pumzi. Akauliza kama angependa kubaki na kitu, ile nembo ya mbele, au kifuniko cha ile nundu.

"Nikitaka kipande nitataka lote," akasema Mama Karim. "Lakini kabla hujaanza, nipe njia."

Hatukuelewa.

"Hii ya shamba. Inafika wapi?"

"Ziwani," akasema Ewan. "Ni yetu, hakuna magari."

Mama Karim alininyooshea mkono. Nikampa funguo. Alikwenda mlango wa kushoto, akaufungua, akakaa. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa upande ule. Baba Karim hakumpa gari hata kulitoa gerejini. Nilikimbilia upande wa pili, maana nilihofia, na niliyemhofia ni yeye, si gari.

Alisogeza kiti mbele mpaka mwisho. Akaweka mkoba wake baina yetu. Akatia gia, na Versailles likaondoka taratibu, likapita zizi, likapita ua wa mawe, kokoto zikilia chini. Pua ya Mama Karim ilikuwa juu kidogo ya usukani. Tukafika majini.

"Zito," akasema. "Aliniambia jepesi kama unyoya."

Alilizungusha kando ya ziwa, akarudi kwa kasi zaidi kuliko nilivyopenda. Mlangoni mwa banda hakusimama aniachie. Aligeuza, akatazama kioo, akalirudisha kinyumenyume baina ya trekta na ukuta wa mawe, mita tano na zaidi, mpaka nyuma yake ikakaa sawasawa chini ya minyororo. Hakugusa kitu. Mie naendesha basi, na nasema kweli, ningelazimika kurudia mara mbili.

Ewan alisahau lafudhi yake. "Nani alikufundisha?" akauliza, wazi kabisa.

Mama Karim alifungua mdomo kumjibu kwa Kizungu, hakikutoka. Alijaribu tena. Kisha akanigeukia mie.

"Mwambie ni mume wangu. Tanga, kwa pikapu ya dukani. Alikuwa anakimbia pembeni ameshika mlango, anapiga kelele breki, breki, mpaka kiatu kikamvuka, naye haachi."

Nikamwambia. Ewan alitikisa kichwa.

Mama Karim alikaa kidogo na mikono juu ya usukani. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akazima injini, akashuka. Mlango hakuupiga, aliusukuma kwa kiganja mpaka ukashika wenyewe. Akaziweka funguo mkononi mwa Ewan, akavifunga vidole vyake juu yazo.

"Aanze kazi," akaniambia. "Na sisi atupeleke stesheni, tusije tukakosa treni."